Neno refu la Kiingereza: jinsi ya kulikata silabi na kujua mkazo unaangukia wapi

Neno "strengths" lina herufi 9 na silabi moja. Neno "area" lina herufi 4 na silabi tatu. Anayehesabu silabi za Kiingereza kwa kutazama herufi, kama tufanyavyo katika Kiswahili, atakosea pande zote mbili: huku atazidisha, kule atapunguza. Kiswahili kimetudekeza. Kila irabu iliyoandikwa hutamkwa, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ukiacha maneno machache kama "barabara" yenye maana ya sawasawa. Kiingereza hakitoi ahadi hizo. Hata hivyo si fujo tupu, na ajabu ni kwamba maneno marefu yana utaratibu kuliko mafupi, kwa sababu neno refu huwa na mkia, na mkia ndio unaosema mkazo uko wapi. Kazi yenyewe basi ni kuhesabu irabu zinazosikika, kukata, kisha kulisoma neno kutokea nyuma.

Katika maelezo haya kistari kinatenganisha silabi, na herufi kubwa zinaonyesha silabi yenye mkazo, hivi: de-VEL-op-ment.

Hesabu kabla ya kukata

Silabi moja hubeba sauti moja ya irabu. Sauti, si herufi. Usiweke kistari chochote kabla hujajua idadi. Andika neno, weka nukta chini ya kila herufi ya irabu pamoja na y iliyo katikati au mwishoni, halafu futa nukta za zile zisizosikika.

Ya kwanza kufutwa ni e ya mwisho. "Determine" ina irabu nne kwenye karatasi lakini tatu mdomoni: de-TER-mine. E hiyo hubaki bubu hata ikijikuta katikati baada ya neno kuongezwa mkia, ndiyo maana "careful" ni silabi mbili na "advancement" ni tatu, ad-VANCE-ment. Wengi huifufua hapo katikati bila kujua.

Zinazofuata ni irabu mbili zinazosimama pamoja: ai ya "maintain", ea ya "reason", oa ya "approach", ee, oo, ou. Kila jozi ni sauti moja. Sisi tuliozoea fa-i-da na ka-a tunavutwa kuzitenganisha. Lakini jozi nyingine kweli hugawanyika, hasa io, ia, eo na ua: ra-di-o, pi-an-o, vid-e-o, grad-u-ate. Ili kuzitofautisha, tazama konsonanti iliyotangulia. Kama i imetanguliwa na t, c, s au g na ikafuatwa na irabu nyingine, kwa kawaida kazi yake ni kulainisha konsonanti tu, nayo haina silabi yake: na-tion, spe-cial, re-li-gious. Kuna mwanya mmojawapo: ci ikifuatwa na -ate au -ation, i hurudishiwa silabi yake. Hivyo "appreciate" ni ap-PRE-ci-ate, silabi nne, na "association" ni as-so-ci-A-tion, tano.

Mkia -ed hauna silabi isipokuwa umefuata sauti ya t au d. "Walked" ni silabi moja, "wanted" mbili, "decided" tatu. "Developed" ni tatu, nayo huishia kwa p na t zikiwa zimeshikamana. Anayetamka nne amebuni silabi. Vivumishi vichache kama "naked" na "wicked" vimejitenga na sheria hii na vinatamkwa kwa silabi mbili. Mkia -es nao huongeza silabi baada ya sauti za s, z, sh, ch, x na g laini tu: box-es, chang-es.

Kuna silabi ambazo irabu yake haionekani. Mkia -le baada ya konsonanti ni silabi kamili: ta-ble, lit-tle. Mkia -ism ni silabi mbili, kwa hiyo "capitalism" ina tano, na "rhythm" ina mbili. Hapa Mswahili ana faida, maana anajua tayari kwamba m inaweza kusimama peke yake kama silabi, kama ilivyo katika m-tu.

Zinabaki zile zinazomezwa. Irabu dhaifu iliyo mara tu baada ya silabi yenye mkazo, ikifuatwa na r au l na kisha silabi nyingine dhaifu, mara nyingi hudondoka katika mazungumzo ya kawaida. "Different" huwa mbili, "interesting" huwa tatu (IN-tres-ting), "temperature" huwa tatu. "Vegetable" na "comfortable" pia ni tatu katika vinywa vya wengi: VEJ-ta-ble, KUMF-ta-ble. "Chocolate" ni mbili. Kutamka "temperature" kwa silabi nne si kosa, ni usemi wa taratibu. Lakini "business" na "Wednesday" hazina toleo refu linalokubalika. Ni silabi mbili tu, na anayetamka tatu anasoma maandishi.

Njia inayofundishwa sana ya kupima ni kuweka kiganja chini ya kidevu na kuhesabu mara taya linaposhuka. Inafaa kwa irabu pana, lakini kwa irabu dhaifu taya halisogei vya kutosha na utapunguza hesabu. Kuna njia bora zaidi: sikiliza neno, kisha liimbe ukiwa umefumba mdomo. "Information" itatoka mm-mm-MMM-mm. Unapata idadi na mkazo kwa pamoja, na macho hayapati nafasi ya kukudanganya.

Kukata kwenyewe

Vua kwanza viambishi vinavyoonekana wazi. Mbele huwa ni un-, dis-, mis-, re-, inter-, over-, under-. Nyuma ni -ness, -ment, -ful, -less, -ship, -ly. "Disagreement" inabaki na "agree" katikati, na neno zima ni dis-a-GREE-ment. Ukivua vizuri, neno la herufi 15 hugeuka kuwa neno la herufi 6 au 7 unalolifahamu tangu zamani.

Kisha tazama konsonanti zilizo kati ya irabu mbili. Zikiwa mbili, moja huenda huku na nyingine kule: num-ber, win-dow, doc-tor. Hapa ndipo lugha yetu inapotuponza kuliko mahali pengine popote. Katika Kiswahili mb, nd, nj, nz na ng huanza silabi: nyu-mba, pe-nda, ku-nja. Mzoea hivyo hukata nu-mber, wi-ndow, ca-le-ndar, na irabu iliyoachwa wazi hujivuta kuliko inavyotakiwa. Kiingereza hakina neno lake la asili linaloanza kwa mb wala nd, kwa hiyo m na n hufunga silabi iliyotangulia. Kipimo ni hicho hicho kwa kundi lolote: je, konsonanti hizi zinaweza kuanzisha neno la Kiingereza? Tr, pr, pl, cl, str na scr zinaweza, basi huenda pamoja mbele: con-trol, com-plete, mon-strous. Nt na mp haziwezi, basi hukatwa kati.

Sh, ch, th, ph na ck ni sauti moja zilizoandikwa kwa herufi mbili, hazikatwi kamwe: meth-od, tro-phy. Isipokuwa pale herufi hizo zinapokutana kwa bahati kwenye kiungo cha sehemu mbili: pot-hole, up-hill, mis-han-dle. Konsonanti iliyoandikwa mara mbili hukatwa katikati kwenye karatasi, lakini hutamkwa mara moja. "Committee" ni com-MIT-tee, na hakuna haja ya kukanyaga m mbili.

Konsonanti ikiwa moja tu, sheria ya shuleni inasema hivi: irabu fupi yenye mkazo huvuta konsonanti kwake (riv-er, hab-it, sec-ond), na irabu ndefu huiachia iende mbele (pi-lot, stu-dent, mo-ment). Kwa matamshi jambo hili lina uzito mdogo sana, na wanaisimu wenyewe hawakubaliani juu yake. Ukikata ri-ver huku umetamka i fupi na mkazo uko mwanzoni, hakuna atakayejua. Kinachohesabika ni idadi ya silabi na mahali pa mkazo.

Kistari cha mwisho wa mstari ni shughuli nyingine kabisa na isichanganywe na hii. Nukta zinazokatakata neno katika kamusi nyingi za Kimarekani zinamwongoza mwandishi au mpiga chapa, si mdomo. Kwa kuwa haipendezi kuacha herufi moja peke yake mwishoni au mwanzoni mwa mstari, kamusi hizo mara nyingi haziweki nukta yoyote katika "about" wala "idea", ingawa ya kwanza ina silabi mbili na ya pili tatu. Mwanafunzi anayehesabu nukta hizo atapotea. Idadi ya kweli iko kwenye maandishi ya matamshi. Tena Waingereza na Wamarekani hawakati sawa: "knowledge" kwa desturi ya Uingereza ni know-ledge, kwa kufuata mzizi, na kwa Marekani ni knowl-edge, kwa kufuata sauti. Neno la silabi moja halikatwi hata likiwa refu vipi, kwa hiyo "stopped" na "through" huhamia mstari unaofuata nzimanzima.

Mkazo: soma kutokea nyuma

Mikia ya Kiingereza ina tabia nne. Ukizijua, neno refu usilolijua hata maana unaweza kulitamka sawa mara nyingi.

Kuna mikia isiyogusa mkazo. Ni ile ile tuliyoivua mwanzoni, -ness, -less, -ful, -ly, -ment, -ship, -hood, pamoja na -ing, -ed, -er na -ism. Itoe, tafuta mkazo wa neno lililobaki, kisha irudishe bila kuhamisha chochote. "Develop" ni de-VEL-op, basi "development" ni de-VEL-op-ment na "developmentless", kama lingekuwapo, lingebaki na mkazo pale pale. Hili ndilo kosa maarufu kuliko yote miongoni mwetu: de-ve-LOP-ment, mkazo ukiwa umevutwa na mazoea hadi silabi ya pili kutoka mwisho. Sawa na hilo ni go-VERN-ment badala ya GOV-ern-ment, na ma-NAGE-ment badala ya MAN-age-ment. Mkia -able nao mara nyingi hukaa kundi hili, ila una wakorofi wake: "admire" ina mkazo mwishoni lakini "admirable" ni AD-mi-ra-ble, "compare" huwa COM-pa-ra-ble, na "prefer" huwa PREF-er-a-ble.

Kundi la pili ni kubwa na lenye manufaa kuliko yote. Mikia hii huweka mkazo kwenye irabu iliyo mara moja kabla yao, bila kujali mkazo ulikuwa wapi zamani. Humo mna -tion, -sion, -cian, -ic, -ical, -ity, -ify, -ial, -ian, -ient, -ious na -eous. E-du-CA-tion, mu-SI-cian, ec-o-NOM-ic, po-LIT-i-cal, a-BIL-i-ty, i-DEN-ti-fy, fi-NAN-cial, suf-FI-cient, mys-TE-ri-ous. Hapa tunabahatika: -tion, -cian na -ic ni silabi moja, kwa hiyo mkazo huangukia wa pili kutoka mwisho kama nyumbani, ndiyo maana "education" na "information" hazitupi tabu. Bahati hiyo huisha pale mkia unapokuwa na silabi mbili. "Ability" na "political" mkazo uko wa tatu kutoka mwisho, na mazoea yatataka kuusogeza nyuma hadi a-bi-LI-ty na po-li-TI-cal.

Ndani ya kundi hili kuna ukoo wa maneno ya kitaaluma yaliyounganishwa kwa o: -logy, -graphy, -cracy, -nomy, -metry na -meter. O hiyo ya kiungo ndiyo inayochukua mkazo. Bi-OL-o-gy, pho-TOG-ra-phy, de-MOC-ra-cy, a-STRON-o-my, ge-OM-e-try, ther-MOM-e-ter. Anayejua hili anaweza kutamka majina mengi ya taaluma za daktari au mhandisi bila kuuliza. Vipimo vya urefu havimo: CEN-ti-me-tre huweka mkazo mwanzoni, na "kilometre" ina matamshi mawili yanayotumika yote.

Wakaidi wa kundi la pili ni wachache, bora kuwakariri: POL-i-tics, AR-a-bic, LU-na-tic, CATH-o-lic, RHET-o-ric, na a-RITH-me-tic likiwa nomino. Kwa -sion kuna TEL-e-vi-sion.

Kundi la tatu huhesabu silabi tatu kutoka mwisho. Ni vitenzi vyenye -ate vya silabi tatu au zaidi, vingi vya -ize au -ise, na nomino za -ude: com-MU-ni-cate, in-VES-ti-gate, a-POL-o-gize, REC-og-nize, AT-ti-tude. Vya silabi mbili havifuati. "Create" ni cre-ATE. Na -ize ikibandikwa kwenye neno ambalo tayari ni refu haisogezi kitu: CHAR-ac-ter-ize, in-DUS-tri-al-ize. Kuhusu -ate kuna jambo moja zaidi la kuangalia. "Estimate", "separate" na "graduate" huandikwa vilevile zikiwa vitenzi au la, na mkazo haubadiliki, ila kitenzi huishia kwa sauti kamili kama ya "eight", na nomino au kivumishi huishia kwa irabu dhaifu iliyofifia.

Kundi la nne ni mikia inayojichukulia mkazo yenyewe: -ee, -eer, -ese, -ette, -ique, -esque. Ref-u-GEE, en-gi-NEER, Jap-a-NESE, cig-a-RETTE, tech-NIQUE. Mingi ya mikia hii ilitoka Kifaransa. "Committee" na "coffee" hazimo. Tarakimu za -teen pia huelekea hapa, na ndipo 13 na 30 zinapopishana: thir-TEEN na THIR-ty. Usitegemee mkazo peke yake kutofautisha, kwa sababu katika kuhesabu mfululizo au mbele ya nomino mkazo wa "thirteen" husogea mwanzoni. Hakikisha n ya mwisho imesikika.

Mikia ikipangana, ule wa mwisho kati ya ile yenye nguvu ya kusogeza ndio unaotawala, na isiyogusa mkazo haihesabiki. PHO-to-graph, pho-TOG-ra-phy, pho-to-GRAPH-ic. POL-i-tics, po-LIT-i-cal, pol-i-TI-cian. Neno lile lile, makao matatu.

Neno refu lisilo na mkia wowote kati ya hii ni gumu zaidi. Kwa nomino za silabi tatu au zaidi, anza kwa kukisia ya tatu kutoka mwisho: HOS-pi-tal, EL-e-phant, CAL-en-dar, MIN-is-ter, CHAR-ac-ter. Matatu ya mwisho hapo ni maarufu kwa kuharibiwa kuwa ca-LEN-dar, mi-NIS-ter na cha-RAC-ter. Silabi ya pili kutoka mwisho ikiwa na irabu ndefu, mara nyingi huunyakua mkazo: com-PU-ter, po-TA-to, ho-RI-zon. Huu ni mwelekeo tu, na hapa kamusi haina mbadala.

Maneno ya silabi mbili ambayo ni nomino na kitenzi kwa wakati mmoja mara nyingi hugawana: nomino mkazo mwanzoni, kitenzi mwishoni. RE-cord ya nomino na re-CORD ya kitenzi, vivyo hivyo "object", "permit", "import", "contract". Usilipanue hili kwa kila neno. "Report", "respect" na "control" hubaki na mkazo mwishoni kotekote.

Silabi zisizo na mkazo lazima zififie

Kujua mkazo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuzinyima nguvu silabi zilizobaki, na hapo ndipo hata waliokariri sheria zote huangukia. Katika Kiswahili a ni a popote ilipo. Katika Kiingereza irabu ikikosa mkazo mara nyingi hupoteza sura yake na kuwa sauti fupi, ya katikati ya mdomo, inayoitwa shwa. Kwenye kamusi huandikwa ə, yaani e iliyopinduliwa. Ndiyo irabu inayosikika mara nyingi kuliko zote katika lugha hiyo, na herufi yoyote ya irabu inaweza kuiwakilisha: a ya "about", e ya "taken", i ya "pencil", o ya "lemon", u ya "circus". Haikai kamwe kwenye silabi yenye mkazo mkuu wa neno refu, kwa hiyo ukiiona ə kwenye kamusi nyingi umeshajua mahali ambapo mkazo haupo, ingawa baadhi ya kamusi za Kimarekani huitumia hata kwenye silabi yenye mkazo.

Tazama inavyofanya kazi. Katika "photograph" o ya kwanza ni kamili na ya pili ni ə. Katika "photography" zinabadilishana: fə-TOG-rə-fi. Ukihamisha mkazo bila kubadilisha irabu, neno linabaki nusunusu. Anayetamka silabi zote kwa uzito mmoja, kila irabu ikiwa kamili, husikika kama anasoma orodha ya silabi, na msikilizaji anayetafuta neno kwa umbo la mkazo hupitwa hata kama kila konsonanti ilikuwa safi.

Kutia mkazo si kupaza sauti. Irefushe irabu kwanza, kisha ipandishe au ibadilishe kidatu, yaani kiwango cha juu au cha chini cha sauti. Nguvu ya sauti ije mwisho na iwe kidogo. Na usijaribu kufupisha silabi dhaifu kwa kukimbia. Ongeza urefu wa ile yenye mkazo, nyingine zitajipunguza zenyewe.

Mkazo wa pili

Mkazo mkuu ukiwa kwenye silabi ya tatu au mbele zaidi, moja kati ya silabi mbili za mwanzo hupata mkazo mdogo. In-for-MA-tion ina mdogo kwenye "in". Pro-nun-ci-A-tion, re-spon-si-BIL-i-ty na as-so-ci-A-tion zina mdogo kwenye silabi ya pili. Kosa la kawaida ni kuukuza mkazo mdogo hadi ukawa mkuu, U-ni-ver-si-ty badala ya u-ni-VER-si-ty. Ukisikia vilele viwili ndani ya neno na hujui kipi ni kipi, cha mwisho ndicho kikuu katika maneno mengi yenye mkia wa kundi la pili. Kamusi huonyesha mkuu kwa alama ˈ iliyo juu na mdogo kwa ˌ iliyo chini, zote zikiwekwa kabla ya silabi husika. Baadhi ya kamusi za Kimarekani huweka alama baada ya silabi, kwa hiyo soma ukurasa wa maelezo kabla hujaiamini alama yoyote.

Neno moja hadi mwisho

Chukua "unconstitutionality", herufi 19. Nukta za irabu ni tisa: u, o, i, u, i, o, a, i, y. I na o za -tion ni sauti moja, zinabaki nane. Vua un-, na nyuma vua -ity. Katikati kuna "constitution" na -al. Kundi la n, s, t kati ya o na i linakatwa baada ya n, kwa sababu st inaweza kuanzisha neno. Unapata un-con-sti-tu-tion-al-i-ty.

Mkazo sasa. Mkia wa mwisho wenye nguvu ni -ity, basi mkazo mkuu ni kwenye irabu iliyo kabla yake, ile a: un-con-sti-tu-tio-NAL-i-ty. Linganisha ngazi iliyopandwa: CON-sti-tute, con-sti-TU-tion, con-sti-TU-tion-al, con-sti-tu-tio-NAL-i-ty. Mkia -al haukusogeza kitu, -tion na -ity zilisogeza. Makao ya zamani hayasahauliki kabisa. "Con" na "tu" hubaki na mkazo mdogo, na silabi zilizo kati yao hufifia.

Lifanyie mazoezi kutokea mwisho, si mwanzo. Sema "ty", kisha "i-ty", kisha "NAL-i-ty", kisha "tio-NAL-i-ty", na uendelee kuongeza silabi moja mbele kila mara hadi ufike "un". Ukianza mwanzoni pumzi na umakini huishia kabla ya mkazo mkuu, nao unaporomoka. Ukianzia nyuma, sehemu ngumu ndiyo uliyoizoea zaidi. Kwa neno la silabi nane, rudia kila hatua mara mbili au tatu kabla ya kuongeza inayofuata.

Angalia pia -ically, kwa sababu karatasi inadanganya: -al- ya humo haisikiki. "Politically" ni silabi nne, po-LIT-ic-ly, na "characteristically" ni sita, ingawa macho yanaona saba.

Uingereza na Marekani

Tofauti zipo, chache lakini za kudumu. "Advertisement" Uingereza ni ad-VER-tise-ment, Marekani mkazo mkuu mara nyingi uko kwenye "ad" au "tise". "Laboratory" Uingereza ni la-BOR-a-tory, o ya mwisho ikimezwa; Marekani ni LAB-ra-to-ry. Zote ni nne ukihesabu, ila si silabi zile zile. "Garage" Marekani ni ga-RAGE, Uingereza wengi husema GAR-age. Chagua upande mmoja na kamusi moja. Kuchanganya si dhambi, lakini kunachelewesha sikio kuzoea.

Haya ya kujipima: hospitality, simultaneously, bureaucracy, pharmaceutical, enthusiasm, enthusiastic, electrification, misunderstanding.

Majibu: hos-pi-TAL-i-ty. Si-mul-TA-ne-ous-ly, silabi sita. Bu-REAU-cra-cy, ambapo eau ni irabu moja tu na hutamkwa kama o ya "rock". Phar-ma-CEU-ti-cal. En-THU-si-as-m, tano, kwa sababu m ya mwisho ni silabi. En-thu-si-AS-tic. E-lec-tri-fi-CA-tion. Mis-un-der-STAND-ing.